Sauti ya Taifa Huchaguliwa na Nani? Nyimbo za Utambulisho katika Michezo ya Video ya Mikakati

Kila taifa lina alama zake: bendera, nembo, wimbo wa taifa, lugha. Alama hizo huwekwa na wananchi wenyewe kupitia katiba na sheria, na huweza kubadilishwa nao. Lakini yapo mahali ambapo watu wasio raia wetu hutuchagulia alama, na mamilioni ya vijana duniani huzipokea kama ndiyo sura yetu. Mojawapo ya mahali hapo ni michezo ya video ya mikakati. Katika somo la leo tutauchunguza muziki wa michezo hiyo kama tunavyochunguza hati ya historia. Tutauliza umetoka wapi, unasema nini juu ya majirani zetu na juu yetu, na nani aliulizwa kabla haujapigwa.

Wimbo wa utambulisho ni nini?

Mchezo wa mikakati ni ule ambao mchezaji hutawala dola nzima. Hujenga miji, huunda majeshi, hufanya biashara na hutuma mabalozi. Maarufu kati ya michezo hiyo ni Civilization, uliobuniwa na Sid Meier na Bruce Shelley huko Marekani na kutolewa mwaka 1991. Katika toleo hilo la kwanza palikuwa na mataifa 14 ya kuchagua, na kati yake mawili tu yalitoka Afrika: Wamisri na Wazulu. Kila kiongozi aliambatana na kipande kifupi cha muziki kilichosikika mchezaji alipokutana naye. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kutoa sauti nyingi kwa pamoja, hivyo taifa zima lililazimika kutambulishwa kwa noti chache tu.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu tunaouita wimbo wa utambulisho, yaani sauti inayomwambia mchezaji, kabla hajasoma neno lolote, kwamba huyu ni Mchina, huyu ni Mwingereza, huyu ni Mzulu. Utaratibu huu una faida, kwa sababu sikio hukumbuka upesi kuliko jicho. Lakini una hatari vilevile. Ili sauti itambulike haraka, ni lazima ifanane na kile ambacho msikilizaji tayari anakidhania. Mtunzi anayemwandikia kijana wa Marekani muziki wa Afrika huvutwa kumpa ngoma na kwaya, kwa kuwa hivyo ndivyo kijana huyo anavyotarajia.

Baba Yetu: lugha yaja, wenyewe hawamo

Wewe unayejifunza Kiswahili bila shaka umewahi kuusikia wimbo uitwao Baba Yetu. Huo ndio wimbo unaofungua Civilization IV, toleo la mwaka 2005. Mtunzi wake ni Christopher Tin, Mmarekani aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Soren Johnson, msanifu mkuu wa mchezo huo. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na walioimba mara ya kwanza ni kikundi cha wanafunzi wa Stanford kiitwacho Talisman. Baadaye Tin aliurekodi upya pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, katika albamu yake ya mwaka 2009 iitwayo Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Mwezi Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo.

Hilo ni jambo la fahari kwa lugha yetu, na si haki kulidharau. Wanafunzi wengi wa ng'ambo wamekiri kwamba maneno yao ya kwanza ya Kiswahili waliyapata humo. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza maswali matatu.

La kwanza ni hili: je, Waswahili walikuwamo katika mchezo huo? La. Mataifa ya Afrika katika toleo la msingi la Civilization IV yalikuwa Misri na Mali. Wazulu walirudi katika nyongeza ya mwaka 2006, na Wahabeshi wakaja na nyongeza ya mwaka 2007. Kilwa, iliyopiga sarafu zake yenyewe na kufanya biashara ya dhahabu ya Sofala, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na kuisifu, haikuwa miongoni mwa dola za kuchagua. Lugha iliimba mlangoni, na wenyewe hawakupewa kiti ndani.

La pili: maneno hayo yana historia gani? Sala ile ilifika katika Kiswahili kwa kazi ya wamisionari na wasaidizi wao wenyeji wa karne ya 19. Biblia kamili katika Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na tafsiri ya pamoja, iitwayo Union Version, mwaka 1952. Kwa hiyo ni maandishi halali ya Kiswahili, yanayopendwa na mamilioni ya Wakristo wa Afrika Mashariki na Kongo. Lakini Mswahili wa pwani, ambaye kwa karne nyingi amekuwa Mwislamu, hawezi kusema kwamba hiyo ndiyo sauti ya ustaarabu wake wa kale. Tena, anayeijua sala hiyo kama inavyosaliwa kanisani ataona kwamba katika wimbo jina la Yesu limeongezwa katika mwito, mahali ambapo katika Injili ya Mathayo halipo. Kwa sikio la mgeni nyongeza hiyo ni silabi mbili zinazojaza mdundo. Kwa mwenye lugha, imebadilisha anayeitwa.

La tatu: kama mtunzi angetaka sauti ya dola ya Waswahili, angeikuta wapi? Angeikuta katika siwa. Siwa ni baragumu kubwa inayopulizwa kwa ubavuni. Ile ya Pate imechongwa kwa pembe ya ndovu, na ile ya Lamu imesubiwa kwa shaba. Haikuwa chombo cha starehe. Ilipulizwa katika sherehe za watawala na za watu wa nasaba kubwa, na aliyekuwa nayo mkononi alikuwa na madaraka. Siwa hizo mbili zimehifadhiwa hadi leo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa mchezo unaohusu utawala, ni vigumu kupata sauti inayofaa zaidi ya hiyo.

Zama za nani?

Sasa tuuache mlango tuingie ndani ya nyumba. Katika Civilization IV, muziki wa mchezo hubadilika kadiri zama zinavyosonga. Ukifika zama za mwamko wa Ulaya na kuendelea, unasikia Bach, Mozart na Beethoven. Ukifika zama za viwanda, unasikia watunzi wa karne ya 19 kama Dvořák na Brahms. Katika zama za kisasa unasikia kazi za Mmarekani John Adams. Muziki wote huo ni mzuri. Lakini fikiri: muziki huo haubadiliki kwa kufuata taifa unaloliongoza. Ukiwa Mansa Musa wa Mali, mwenye wanajeli waliohifadhi historia ya dola kwa balafoni, kadiri taifa lako linavyoendelea ndivyo linavyozidi kusikika kama Vienna.

Hilo si jambo dogo. Ni nadharia ya historia iliyosemwa bila maneno. Inasema kwamba kuendelea ni kufuata njia moja, na njia hiyo inapita Ulaya. Sisi ambao mababu zetu waliambiwa shuleni kwamba historia yao ilianza na meli za wageni tunaitambua nadharia hiyo hata inapokuja kwa vinanda.

Katika Civilization VI, toleo la mwaka 2016, waliotengeneza mchezo walibadilisha utaratibu. Geoff Knorr na wenzake waliwapa watu wa kila taifa wimbo wao mmoja, kisha wakaupanga mara nne: kwa zama za kale, zama za kati, zama za viwanda na zama za atomiki. Mwanzoni unausikia kwa vyombo vichache, pengine filimbi na ngoma tu. Mwishoni unasikika kwa okestra nzima, na bado ni wimbo uleule. Nadharia hapa imegeuka: taifa linaweza kukua bila kuacha kuwa lenyewe. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Katika mpango huu mpya mchezaji hahitaji kuiacha mila ili afike mbele.

Nyimbo zilizohamishwa

Lakini wimbo mmoja kubeba taifa zima kwa miaka 6000 ni mzigo mzito. Tazama mifano michache kutoka toleo hilo la sita.

Warusi, wanaoongozwa na Petro Mkuu, wamepewa Kalinka. Petro alifariki mwaka 1725, na Kalinka ilitungwa mwaka 1860. Waingereza wamepewa Scarborough Fair, Wachina Mo Li Hua, Waaustralia Waltzing Matilda. Wamarekani wana Hard Times Come Again No More, wimbo wa Stephen Foster wa mwaka 1854 unaozungumzia umaskini. Wagiriki wa Perikle, wa karne ya 5 kabla ya Kristo, wana wimbo wa Seikilos, ulioandikwa juu ya nguzo ya jiwe karne kadhaa baadaye katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Nguzo hiyo sasa iko Copenhagen, Denmark.

Wasumeri wa Gilgamesh wana wimbo wa kale zaidi: utenzi wa kidini ulioandikwa katika bamba la udongo huko Ugarit, pwani ya Syria, yapata mwaka 1400 kabla ya Kristo. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya muziki duniani, na wataalamu hawajakubaliana namna ya kuyasoma. Lakini utenzi huo si wa Wasumeri. Lugha yake ni Kihuri, na ulipoandikwa, dola ya mwisho ya Wasumeri ilikuwa imekwisha kuanguka zaidi ya miaka 500 kabla. Umehamishwa kwa wakati, kwa lugha na kwa mahali.

Sasa tuje kwa jirani yetu Kongo. Ufalme wa Kongo ulikuwa karibu na Bahari ya Atlantiki. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, uko kaskazini mwa Angola ya leo, na mfalme aliyemo katika mchezo ni Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa kwa jina la Afonso na kutawala tangu mwaka 1509 hivi hadi miaka ya 1540. Alijua kusoma na kuandika, na barua zake kwa mfalme wa Ureno, zinazolalamikia wafanyabiashara waliokuwa wakiwateka watu wake, zipo hadi leo. Wimbo aliopewa ni Banaha. Wimbo huo ulijulikana Ulaya kupitia sahani ya santuri ya Missa Luba, iliyoimbwa na kwaya ya wavulana wa Kamina mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Katika sahani hiyo umeelezwa kuwa wimbo wa askari.

Fungua ramani uitazame Kamina. Iko kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi ya Waluba, zaidi ya kilomita 1000 kutoka Mbanza Kongo. Waluba walikuwa na ufalme wao mkubwa, tofauti na ule wa Wakongo. Kumpa Mvemba a Nzinga wimbo kutoka Kamina ni sawa na kumpa mfalme wa Ufaransa wimbo wa Poland kwa hoja kwamba wote ni Wazungu. Jina la nchi ya leo limewaunganisha watu ambao katika karne ya 16 hawakuwa chini ya bendera moja. Kosa hili lina somo la uraia ndani yake, kwa kuwa mipaka tunayoijua iliwekwa majuzi, na tukiisoma historia kwa kuifuata hiyo tu, tutawachanganya majirani zetu.

Jirani yetu Buganda

Mwaka 2025 ilitoka Civilization VII, na humo Buganda imepewa nafasi miongoni mwa mataifa ya zama za kisasa. Ni heshima kwa Uganda, tena ni nafasi ya sisi kujikumbusha muziki wa jumba la Kabaka ulivyokuwa.

Katika ikulu ya Mengo palikuwa na entenga, seti ya ngoma 15, ambazo 12 kati yake zimelinganishwa sauti hata zikaweza kupiga wimbo kamili. Palikuwa na akadinda, marimba makubwa ambayo wapigaji kadhaa huyachezea kwa pamoja. Katika muziki huo, mpigaji mmoja hupiga mstari wake, mwenzake huingiza noti zake katikati ya zile za kwanza, na msikilizaji husikia wimbo wa tatu ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Wapigaji walitoka katika familia na koo zilizokabidhiwa kazi hiyo, nao walikaa ikulu kwa zamu.

Tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote lilishambulia jumba hilo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika, vyombo vingi vikapotea, na hadi falme ziliporudishwa mwaka 1993, wengi wa wale waliokuwa wakijua entenga walikuwa wamefariki. Kilichosalia kimesalia kwa sababu baadhi ya wapigaji, kama Evaristo Muyinda, waliwafundisha wengine, na kwa sababu watafiti walikuwa wamerekodi sauti hizo mapema.

Kwa hiyo unapoisikia Buganda katika mchezo, kumbuka kwamba muziki wa dola hiyo ulinyamazishwa kwa bunduki, si kwa kusahauliwa tu. Na Busoga, jirani wa Buganda, kuna bigwala, matarumbeta ya vibuyu ya kifalme, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wimbo unaweza kuchezwa na mamilioni katika skrini huku kijijini kwake akiwa amebaki mzee mmoja anayeujua.

Nani huulizwa?

Je, watu wanaweza kukataa kutumiwa hivyo? Ndiyo, na wamekwisha kufanya hivyo. Katika nyongeza ya Civilization V ya mwaka 2013, kampuni ya Firaxis ilikusudia kumtia Po'pay, kiongozi wa Wapueblo wa Amerika ya Kaskazini. Viongozi wa Wapueblo walipinga kumwonyesha mtu huyo mtukufu katika mchezo, na kampuni ikaacha, ikaweka Washoshone badala yao. Mwaka 2018, Poundmaker wa Wakrii wa Kanada alipotiwa katika toleo la sita, kiongozi wa jamii yake Milton Tootoosis alilalamika hadharani kwamba mchezo unawaonyesha Wakrii kama watu waliokuwa na tamaa ileile ya kuteka nchi za wengine waliyokuwa nayo wakoloni. Kisha katika toleo la saba, kwa ajili ya Washawnee na kiongozi wao Tecumseh, kampuni ilishirikiana na serikali ya Washawnee wenyewe, hata katika suala la lugha yao.

Utaona mwendo wa mambo hapo. Kwanza watu walikataa, kisha walilalamika, hatimaye waliketi mezani. Hawakufika mezani kwa hisani ya kampuni. Walikuwa na viongozi waliotambulika na sauti ya pamoja ya kusema.

Sisi tuna nini? Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Katika ngazi ya bara, nchi wanachama wa shirika la hakimiliki la ARIPO zilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kwa shabaha kama hiyo. Lakini sheria haimtetei asiyejulikana. Kama jamii haijaandikisha nyimbo zake, haijarekodi wapigaji wake, wala haijui ni nani azungumze kwa niaba yake, kampuni ya ng'ambo itamuuliza nani?

Methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kwamba anayecheza nyumbani, mbele ya watu wanaomjua, ndiye anayepata zawadi. Nyimbo zetu sasa zinachezwa mbali na kwao, na tuzo hubaki hukohuko ziendako. Hatutaki zizuiwe zisisafiri, kwa maana Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha kubwa kwa kusafiri. Tunataka zinaposafiri ziwe na jina la mahali zilipotoka, na watu wa mahali hapo wawe wameulizwa.

Basi utakapoketi kucheza, au utakapomwona mdogo wako akicheza, tega sikio. Wimbo ukianza, uliza: ni wa watu gani hasa, wa karne gani, nao wenyewe wanasemaje? Ukiwa na maswali hayo matatu, mchezo utakuwa darasa la historia na la uraia kwa pamoja.

Maswali ya kujadili

1. Neno "ngoma" lina maana zaidi ya moja: chombo, uchezaji wake na mkusanyiko wa watu. Ni maana zipi hupotea wimbo wa jadi unapotiwa katika mchezo wa video?

2. Kama ungeombwa kuchagua sauti moja ya kuiwakilisha nchi yako kwa wageni, ungechagua ipi? Ni jamii zipi za nchi yako zingejiona zimeachwa nje?

3. Tofautisha wimbo wa taifa na wimbo wa utambulisho ulioelezwa hapa. Nani ana haki ya kubadilisha kila mmoja?

4. Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji huru unaompa mshirika wake karafuu na mdalasini. Kilimo cha karafuu kilistawi Zanzibar katika karne ya 19 tu, chini ya Sayyid Said. Eleza jinsi mfano huu unavyofanana na ule wa Kalinka.